Bi Mkubwa, Bro na Mother India

Wadau, leo sina umbea wa staa. Leo nawapa ya nyumbani.

Hapa Nyakanazi njia panda, malori ya Rwanda, Burundi na Kigoma yanalala kibao. Dereva akisinzia, kuna vijana wananyonya dizeli. Bro wangu alikuwa mmoja wao. Siku bi mkubwa alipokuta madumu nyuma ya banda la kuku, hakupiga kelele. Alijifunga kitenge, akaenda kwa mwenyekiti, akamtaja mwanae kwa mdomo wake. Bro akala miezi sita ndani. Mimi nikamnunia mama mwaka mzima, yaani salamu tu basi.

Juzi umeme umekatika, nikamkuta kakaa barazani peke yake. Roho ikaniuma. Nikamuuliza anataka kuangalia nini kwenye simu. Akajibu, "Ile ya Nargis."

Nikaguna, bando lenyewe la kuungaunga. Mother India, ya mwaka 1957, karibu masaa matatu, nyimbo kila kona! Mama aliiona sinema Mwanza enzi za ubinti wake. Kihindi hajui hata neno, ila kila wimbo anaufuata kwa kuguna. Nikajifanya mjuaji: "Mama, huyo haimbi, anafungua mdomo tu. Nyingine hapo ni sauti ya Lata Mangeshkar. Halafu huyo Sunil Dutt anayeigiza mwanae, walikuja kuoana 1958."

Akacheka. "Na hayo machozi, nayo kaazima?"

Nikanyamaza.

Kama hujaiona, mwishoni yule mtoto kipenzi, Birju, anamteka binti wa mkopeshaji. Mama yake anashika bunduki, anamlenga mwanae mwenyewe. Hapo bi mkubwa akaziba kioo cha simu kwa kiganja.

"Hapa huwa siangalii."

Filamu ikaisha, tukakaa gizani. Baadaye akasema taratibu, "Wenye malori wangemkamata wao, wangemchoma moto. Jela mtu anarudi."

Aisee, mwaka mzima sikuwahi kuliwaza hilo.

Bro sasa hivi anachoma mahindi stendi. Hawajamalizana na mama, ila usiku anakuja kula kwake, na bi mkubwa anamwekea nyama kubwa. Mimi nimeanza kukaa naye barazani.

Kama na wewe umemnunia bi mkubwa wako, bando la leo mpe yeye.