Pima Ukiwa Umepoa

Kobe la marehemu baba, Volkswagen ya 1968, tunalitunza mimi na mume wangu hapa Kipawa. Jumamosi moja nilichomoa stiki ya oili, kavu! Nikamwakia, “Utaliua gari la baba!”

Hakujibu. Aliliachia literemke kutoka kwenye mwinuko wa geti hadi tambarare. Tukasubiri dakika tano oili ishuke. Akafuta stiki, akaichomeka hadi mwisho, akaichomoa: oili ipo katikati ya alama mbili.

Injini ile haina rejeta. Inategemea upepo na lita 2.5 tu za oili. Ikipungua inaungua, ikizidi inavuja. Ningeongeza kwa hasira, ningeliharibu mwenyewe.

Nilimwomba radhi. Mpenzi msomaji, kabla hujamhukumu mwenzio, zima injini kwanza.