Alijua Moyo wa Twiga, wa Mchumba Wake Hakuujua

Kuna jamaa mmoja pale Mikumi, wageni wanampenda kinoma. Kazi yake ni kuzungusha watalii hifadhini. Akishafika uwanda wa Mkata na kukuta twiga wamesimama, hapo ndipo shoo yake inapoanza. Anazima injini, anashusha sauti, halafu anawaambia: huyo mnayemwona, mnyama wa taifa letu, ana moyo wenye uzito wa kilo kama 11. Shingo yake inakaribia mita 2. Ili damu ipande mpaka kichwani, inasukumwa kwa presha ambayo ni kama mara mbili ya presha ya binadamu.

Kisha anawatega. Akiinama kunywa maji je? Kwa nini damu yote haimporomokei kichwani akazimia?

Wageni kimya. Jamaa anatabasamu. Anawaeleza kwamba kwenye mshipa wa shingo unaorudisha damu kuna vimilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu. Damu ikitaka kurudi ilikotoka, vinajifunga. Na huku chini, ngozi ya miguu imembana kama soksi ili damu isituame. Simu zinatoka, picha zinapigwa, na mwisho wa safari tipu haikosekani.

Stori hiyo ameisimulia miaka sita. Na katika hiyo sita, miwili ya mwisho alikuwa na mchumba Kilosa ambaye moyo wake ulikuwa unaharibika mbele ya macho yake, na yeye haoni.

MTOTO MZURI, ILA MVIVU

Binti ni fundi cherehani. Ana kibanda chake mjini Kilosa, anashona vitenge, sare za shule na magauni ya sendi ofu. Mkono wake unasifika. Tatizo ni kwamba kazi zake zilikuwa zinachelewa. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, na yeye alikuwa akikanyaga dakika chache tu anasimama, anashika kiuno, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbia. Wateja wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kabisa: "Huyu dada anashona vizuri, ila uvivu umemzidi."

Nyumbani hivyo hivyo. Kubeba ndoo ya maji ilikuwa shughuli, anapumzika njiani mara mbili. Usiku hawezi kulala chali, anapanga mito mitatu na kulala kama amekaa. Akaanza kukohoa. Alikokwenda mwanzo akapewa dawa za kifua, akarudi, akapewa nyingine, akarudi tena. Wapo waliosema ana pepo. Wapo waliosema ni mawazo ya ndoa.

Jamaa mwenyewe hakuwa na tofauti nao. Siku binti alipokwenda Mikumi kumtembelea, walipandisha kijilima kidogo tu kwenda kwa shangazi yake jamaa, binti akakaa chini katikati ya njia. Jamaa akacheka: "Bebi, ukishakuwa mke wangu itabidi nikununulie bajaji ya kwendea jikoni." Binti naye akacheka. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni anaangalia, hakucheka.

TIKI ZA BLUU

Siku moja daktari mmoja kijana alifanya kitu ambacho wengine hawakukifanya kwa utulivu. Aliweka kile chombo cha kusikilizia kifuani kwa binti, akamlaza ubavu wa kushoto, akasikiliza kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza swali la ajabu: "Ulipokuwa mdogo, uliwahi kuumwa sana koo, halafu baadaye viungo vikavimba na kuuma?"

Mama yake binti ndiye aliyejibu. Ndiyo. Akiwa darasa la tatu aliugua mafindofindo mara kwa mara. Walikuwa wanamsukutuza maji ya chumvi na yanaisha. Kuna mwaka magoti na viwiko vilivimba, kimoja kinapoa kingine kinaanza. Wakasema ni malaria ya viungo. Ikapita.

Daktari akamwandikia rufaa ya Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ile iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili. Binti na mama yake wakapanda treni ya SGR stesheni ya Kilosa. Jioni ya kipimo, jamaa akapokea meseji:

"Valvu moja ya moyo haifunguki vizuri. Wanasema inatakiwa ipanuliwe. Na nisibebe mimba kwanza."

Aliisoma. Tiki zikawa bluu. Hakujibu.

Siku ya kwanza alijiambia anatafuta maneno. Siku ya pili alimwonyesha shangazi, na shangazi akasema lile alilokuwa amelinyamazia tangu siku ya kijilima: "Mwanangu, mtu haoi kitanda cha hospitali. Mimi nataka kubeba mjukuu." Siku ya tatu jamaa akaingia kwenye grupu la kamati ya harusi, maana michango ilikuwa imeshaanza kuingia, akaandika kwamba mambo yatasogezwa mbele kidogo. Hakusema kwa nini. Usiku akaangalia picha za binti kwenye simu, akazima, akawasha tena.

Siku zote hizo binti hakutuma meseji ya pili. Mwenye moyo mgonjwa ndiye aliyekuwa na subira.

SWALI LA MWANAFUNZI

Siku ya nne jamaa alipangiwa kuongoza basi la wanafunzi wa sekondari. Wakafika kwa twiga. Akasimulia kama kawaida: kilo 11, mita 2, vimilango vya upande mmoja. Binti mmoja wa kidato cha pili aliyekaa dirishani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na hivyo vimilango vikiharibika, twiga anafanyaje?"

Miaka sita hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akafungua mdomo. "Twiga hana hospitali," akasema. "Anakufa tu." Darasa likacheka kidogo, wakidhani ni utani. Yeye akageuka kuangalia mbele, na dereva wa basi akashangaa kuona kiongozi wa msafara anafuta macho kwa mkono wa shati.

Jioni hiyo hiyo akaazima pikipiki, akaishika njia ya Kilosa. Anayeijua njia hiyo anajua kuna kijiji kinaitwa Ulaya, na vijana wa huko wana utani wao kwamba wanakwenda Ulaya bila pasi. Siku nyingine jamaa angeutumia utani huo. Siku hiyo alipita Ulaya kimya, vumbi usoni, anafanya hesabu ya siku nne.

Binti alimkuta kwenye mlango wa kibanda. Hakumlaumu. Alisema tu: "Nilidhani umeshaondoka." Jamaa akajibu: "Nilikuwa nimeondoka. Nimerudi."

NGUMI NA MILANGO MINNE

Safari ya pili ya Dar walikwenda watatu: binti, mama yake na jamaa. Daktari aliposikia kijana anafanya kazi Mikumi, akaigeuza skrini ya mashine wote waione.

Akamwambia kunja ngumi. Jamaa akakunja. "Moyo wa mtu una ukubwa kama huo. Ndani una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia unapokea damu iliyotoka kuzunguka mwilini, imeishiwa oksijeni, unaisukuma mapafuni ikachukue nyingine. Upande wa kushoto unaipokea ikiwa safi, unaisukuma mwili mzima, kuanzia ubongo hadi kidole cha mguu. Halafu inarudi kulia, safari inaanza upya."

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa siku ni kama mapigo 100,000. Kila dakika unasukuma lita kama 5, karibu damu yote uliyonayo mwilini. Piga hesabu ya kutwa: zaidi ya lita 7,000. Hizo ni ndoo 360 za lita ishirini. Misuli yenye ukubwa wa ngumi ndiyo inayobeba ndoo hizo, bila likizo, hata ukiwa umelala.

"Sasa kuna milango minne," daktari akaendelea, "na kila mmoja unafunguka upande mmoja tu. Ile du-dum, du-dum unayoisikia kifuani, ni sauti ya milango hiyo inapojifunga."

Jamaa akasema taratibu: "Kama ya twiga."

"Kama ya twiga. Hata kwenye mishipa ya miguu yako ipo midogo, inazuia damu kurudi chini. Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, aliandika kitabu akionyesha kwamba damu inazunguka, na hivyo vimilango vya kwenye mishipa vilikuwa sehemu ya ushahidi wake. Kabla yake, karne ya 13, tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis alishaeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ikaingia upande wa kushoto."

Kisha akaonyesha kwa kidole mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto. Kwa mtu mzima asiye na tatizo hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Wa binti ulifunguka 1. Kwenye skrini ulionekana mgumu, kingo zimenenepa na kushikana, unatikisika bila kuachia.

Na chanzo ni yale mafindofindo ya darasa la tatu. Kuna bakteria wa koo ambao mwili ukipigana nao, baadhi ya watoto askari wa mwili hupoteza shabaha. Wanaanza kushambulia viungo, ndiyo yale magoti yaliyovimba, na wanashambulia milango ya moyo. Madaktari wanaiita homa ya rumatiki. Magoti hupona bila alama. Milango haisahau. Kovu linakua polepole, na mtu anakuja kukosa pumzi akiwa na miaka ishirini na kitu, wakati hakuna anayekumbuka koo.

Jamaa akauliza: kama ni moyo, mbona alikuwa anakohoa na kukosa pumzi?

Daktari akamwambia afikirie stendi ya mabasi ambayo geti la kutokea limefunguka nusu. Mabasi yanaendelea kuingia. Yatajaa ndani, mwisho foleni itafika barabarani. Damu inayotoka mapafuni ikikuta mlango umebana, inarundikana mapafuni. Hapo ndipo kikohozi kinapotoka. Ukilala chali inazidi, ndiyo maana ya mito mitatu. Ukikanyaga cherehani moyo unakimbia, na moyo ukikimbia muda wa mlango kuwa wazi unakuwa mfupi zaidi. Mimba nayo huongeza damu mwilini kwa karibu nusu. Mlango ule usingeihimili.

Kwa hiyo hakuwa mvivu. Kwa miaka yote ile alikuwa anafanya kazi za watu kupitia tundu la sentimita moja.

Mama yake binti akaanza kulia kimya kimya. Alikuwa anakumbuka maji ya chumvi. Daktari akamshika bega: "Mama, hukujua. Wengi hawajui. Koo la mtoto likiuma sana na homa juu, apelekwe apimwe. Likiwa la bakteria, dawa yake ni antibiotiki ya kawaida kabisa, ila amalize dozi."

KAMATI YABADILI JINA

Bima hakuwa nayo. Jamaa akarudi kwenye grupu, safari hii akaandika ukweli wote, akaomba michango ya harusi itumike kwa matibabu. Mjomba mmoja akajibu papo hapo: "Mimi nilichangia pilau, sikuchangia hospitali. Naomba changu." Akarudishiwa. Wawili wengine wakajitoa kimya. Waliobaki wakaongeza. Mtu mmoja akabadilisha jina la grupu, badala ya Kamati ya Harusi likasomeka Kamati ya Moyo.

Hawakumpasua kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, ukapanda hadi ndani ya moyo, ukafika kwenye ule mlango. Mwisho wa mrija kulikuwa na kipulizo. Kikajazwa, kingo zilizoshikana zikaachana, kikatolewa.

Usiku ule wodini binti alilala chali, kwa mto mmoja. Asubuhi akamwambia jamaa kitu ambacho hakukitarajia: "Kumbe kuvuta pumzi hakuna kelele."

Hajawa mtu mpya. Mlango umepanuliwa, kovu lipo. Kila baada ya wiki nne anachomwa sindano ya penisilini ili ile homa isirudi, na kliniki hakosi. Kuhusu mtoto, wameambiwa waje kwanza wapimwe ndipo waamue. Ndoa wamefunga, ndogo, bila ukumbi. Kuhusu zile siku nne, binti hazitaji. Jamaa ndiye anayezitaja.

Hifadhini bado anasimulia twiga wake. Ila wakija wanafunzi, akimaliza anawaambia wakunje ngumi, na anawaambia habari ya koo.

Na shangazi? Mwezi uliopita alipanda gari mpaka Kilosa akiwa na kitenge chake mkononi. Akakaa kwenye benchi la kibanda, akaangalia ile miguu inavyokanyaga cherehani, dakika tano, kumi, kumi na tano, haisimami. Hakuomba msamaha. Alisema gauni analitaka Jumamosi, na bei apunguziwe.