Ridhaa ya Mpiga Picha

Mtu anayefanya jambo bila ujira, Kiswahili humwita mtu wa ridhaa. Tuna ndondi za ridhaa, tuna soka la ridhaa, na tangu nilipostaafu ualimu mimi ni mpiga picha wa ridhaa. Waingereza, kwa maana hii, walikopa kwa Wafaransa neno ambalo chimbuko lake katika Kilatini ni mpenzi: mtu afanyaye jambo kwa kulipenda. Sisi tulikopa kwa Waarabu, tukachukua neno la kukubali na kutosheka. Ndugu yake ni radhi, ile tunayoiomba kwa wazazi. Na katika ukoo huohuo wamo ridhia, ridhika na ridhisha. Neno hili nimelitafakari sana kwa miaka michache niliyokaa na wapiga picha wenzangu, nami naona kuwa linamdai mwenye kulibeba mambo mengine zaidi ya kutolipwa.

Kikundi chetu kiko Tanga, nacho ni kidogo: wastaafu kadhaa, muuguzi, fundi saa na vijana wa chuo. Wengi hutumia kamera za simu. Wawili watatu wana kamera za kubadilisha lenzi. Picha tunatumiana kama faili kamili, kwa kuwa programu nyingi za ujumbe huibana picha na kuipunguzia ubora, na mtu hawezi kushauri juu ya ukali wa picha iliyokwisha kubanwa. Jumamosi moja kila mwezi hukutana ana kwa ana.

Ridhaa ya kwanza inayodaiwa ni ya kukubali kusahihishwa. Hapo mwanzo kila picha ilipokewa kwa "hongera" na "nzuri sana", na aliyeileta akaenda zake vilevile alivyokuja. Washairi mnalijua jambo hili. Shairi likiwa guni, mwenzako hukuonyesha mshororo wa tatu wa ubeti wa pili, utao wake una mizani saba badala ya nane. Nawe hurekebisha, kwa sababu kasoro imetajwa kwa jina na mahali pake. Sisi nasi tulihitaji majina ya namna hiyo, na tulipoyatafuta tuliyakuta jikoni na mitaani. Vile vitone vinavyojaa katika picha ya usiku ni chenga, kama za mchele, na kama zile zilizotusumbua katika televisheni za antena. Anga iliyogeuka nyeupe tupu tunasema imeungua, neno la enzi ambazo mkanda ulioingiwa na mwanga ulikuwa umeungua. Jina hilo linastahili: sehemu ya picha ya dijiti iliyoungua haina tena habari yoyote ndani yake, na hakuna programu ya kuirudisha. Ndiyo maana tunashauriana kwamba, penye shaka, heri kiza kidogo kuliko kuunguza. Kisha kuna kivuli na uvuli. Kivuli ni umbo la giza linaloangushwa na kitu. Uvuli ni mahali pa kujikinga na jua. Jua la utosi huweka vivuli vyeusi chini ya nyusi, macho yakapotea. Basi kwa anayepiga uso wa mtu saa saba mchana shauri letu ni fupi: kimbia kivuli, mpeleke uvulini.

Somo lililotufaa kuliko yote lilitokana na kanzu. Muuguzi wetu alileta picha ya baba yake: kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta wa chokaa nyuma yake, na uso mweusi kama mkaa, hauna macho wala tabasamu. Alidhani simu yake ni mbovu. Fundi saa akamweleza, "Dada, kamera haijui kanzu wala ukuta. Hupima mwanga wote kwa pamoja, ikadhani kila kitu duniani ni cha kijivu cha wastani. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Anayelipa ni uso." Tiba ni kugusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, kisha kupandisha mwanga kidogo, mwenye kamera kubwa huongeza hatua moja, yaani mwanga mara mbili. Tukakumbushana pia kwamba enzi za filamu tatizo lilikuwa na mzizi mwingine: maabara zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa Shirley, na kwa miaka mingi nyuso nyeusi zilisafishwa kwa kipimo cha ngozi isiyo yao. Muuguzi alirudi kwa baba yake. Katika picha ya pili yapo macho, ipo mikunjo ya paji la uso, na pindo la kanzu limeungua kidogo. Fundi saa alisema, "Pindo liungue, uso upone," na hakuna aliyembishia.

Ridhaa ya pili ilitujia kwa uchungu. Kijana mmoja alileta picha ya mwanamke akivuna mwani wakati maji yametoka, jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma yake. Alitumia kasi ya 1/1000 ya sekunde, na matone yaliyomdondoka mikononi yalisimama hewani kama shanga. Tulikaa siku mbili tukisifu kasi, tukisifu mwanga, tukimuuliza alisimama wapi. Kisha bibi mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akauliza, "Mwanangu, huyu mama anajua kwamba yuko hapa kwetu?"

Kijana alijibu kwa adabu. "Hapana, bibi. Nilikuwa mbali, kwa lenzi ndefu. Ningemwomba angejinyoosha, angejitanda upya, na picha ingekufa."

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Uso usiojua kuwa unatazamwa una jambo ambalo uso uliojiandaa huwa umekwisha kulificha, na picha nyingi zinazosifiwa duniani zilipigwa hivyo. Lakini bibi hakuwa amemaliza. "Kanga imemgandama kwa maji. Angekuwa mama yako, ungetuletea?"

Wapo waliosema pwani ni mahali pa wazi. Mimi nilisimama na bibi, kwa sababu za lugha kama za heshima. Zamani mtu alitoka studio akasema, "Nimepiga picha," ilhali aliyeshika kamera ni mwingine. Hakukosea. Alichagua siku, akavaa, akakaa, akalipa. Tendo lilikuwa lake pia, na kitenzi kikamtambua. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kuusafisha kulikuwa na gharama, hivyo nadra mtu kupigwa picha bila kujua. Leo picha elfu hazigharimu kitu, na lenzi huona kuliko sauti ya hodi inavyofika. Yule mama wa mwani hakupiga picha. Alipigwa.

Maji yalipotoka tena, kijana alikwenda na simu akamwonyesha. Mama aliitazama, akacheka, akawaita wenzake waje kuiona, kisha akamwambia aifute. Aliifuta palepale. Akamruhusu kupiga mikono yake ikifunga miche ya mwani kwenye kamba, na hiyo ndiyo tuliyonayo. Sitawadanganya: kwa mwanga na mpangilio, ile iliyofutwa ilikuwa bora, na kijana anajua hivyo. Tulipoijadili ya mikono tulimwambia ukweli, kwamba amekaribia mno na kamba ya mbele imepoteza ukali. Ameahidi kurudi bamvua lijalo. Mama ndiye aliyemtajia siku.

Sasa anayeleta picha ya mtu kwetu hutaja mambo matatu: kasi, mwanga, na ridhaa. Lipo la nne tusilokuwa na jina lake, nami nawaletea ninyi wajuzi wa maneno. Ni ule ukanda wa picha, kutoka mbele hadi nyuma, ambao ndani yake vitu huonekana kwa ukali, na nje yake hufifia. Kamba ya yule mama ilianguka nje ya ukanda huo, na ilitubidi kutumia sentensi nzima kumweleza kijana. Mwenye neno moja na atupe.