Seiffen: Kijiji Kinachokereza Mbao Mpaka za Wanasesere

Ukimwambia Mjerumani kwamba Jumamosi unakwenda Seiffen, hakuulizi unafuata nini. Anajua. Ni kijiji kidogo juu kwenye milima ya Erzgebirge, jimbo la Saxony, pua na mdomo na mpaka wa Jamhuri ya Czech, na maisha yake yote yanazunguka mbao. Huyu anakereza, yule anapaka rangi, wa tatu anauza. Wanasesere, vitanda vya wanasesere, vikombe vya wanasesere, na wanyama wa safina ya Nuhu wadogo kuliko kidole chako.

Mimi na mume wangu tulikwenda Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Yeye anasoma shahada ya pili Chemnitz, mji ambao enzi za Ujerumani Mashariki, tangu 1953 mpaka 1990, uliitwa Karl-Marx-Stadt. Nilikuwa nimemtembelea kwa wiki tatu. Ukitokea huko unapanda treni mpaka Olbernhau, halafu basi linakupandisha mlimani. Theluji huku na huku. Mimi mtoto wa Mbagala nilivaa masweta matatu na bado meno yakawa yanapiga ngoma.

Tulichofuata kilikuwa kimoja. Binti yetu ana miaka sita, na kwa miaka miwili baba yake amekuwa mtu wa kwenye simu. Mwanzoni alikuwa anagombania simu. Miezi ya karibuni baba akipiga, ananinong'oneza, "Mwambie nimelala," huku macho yako wazi kama ya paka. Baba mtu hakuwa mjinga, alishaelewa. Akasema atamnunulia nyumba ya wanasesere, ile ya ukweli. Niliona bei ya nyumba zenyewe kwenye vioo vya maduka ya Chemnitz, nikarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia, tutaijenga wenyewe. Tunachohitaji ni vipande vya kukereza tu, na mtu anayeishi Saxony hana sababu ya kuvikosa.

Hebu kwanza nikupe historia kidogo, maana imenigusa. Watu wa Seiffen hawakuanza na midoli. Walikuwa wachimbaji wa bati, na jina lenyewe la kijiji linatokana na kazi ya kuosha mchanga wenye madini. Bati likaanza kuisha, na mwaka 1849 uchimbaji ukafungwa. Ila walikuwa tayari na misitu, na walikuwa na mito iliyozoea kuendesha mitambo ya machimbo. Wakafunga makerezo kwenye magurudumu ya maji. Katika makumbusho ya wazi ya hapo kijijini kuna karakana ya aina hiyo, ya mwaka 1760. Unaingia ndani, unakutana na harufu ya mbao mbichi, unaona mikanda na patasi zimepangwa ukutani. Kanisa lao la mlimani, lenye pembe nane, lililokamilika mwaka 1779, utalikuta limekerezwa kwenye midoli karibu kila duka.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo lilinifanya nisahau baridi. Wenzetu wana ufundi wa kukereza pete. Fundi anachukua kisahani kinene cha gogo la msonobari, mbao ikiwa bado imelowa maji, anakifunga kwenye kerezo. Linazunguka, anachimba kwa patasi upande wa mbele, anageuza, anachimba upande wa nyuma. Maranda yanaruka kama mvua. Mwisho kinabaki kitu kama bangili kubwa yenye mabonde na vilima visivyoeleweka. Unajiuliza, hii ndiyo nini? Halafu anaweka kisu, anagonga na nyundo, kipande kinabanduka kama cha keki. Ukikitazama kwa ubavu ni ng'ombe! Ana mgongo, miguu, tumbo, kila kitu. Anagonga tena, ng'ombe mwingine. Pete moja inatoa kundi zima, makumi ya ng'ombe pacha. Na wakati anakereza fundi hamuoni huyo mnyama hata kidogo. Yuko kichwani mwake tu mpaka pete ipasuliwe. Mafundi wanaoujua ufundi huu siku hizi wanahesabika kwa vidole.

Usidhani lakini kwamba kila kitu kilikuwa cheko na nderemo. Ng'ombe wale walikuwa wa bei ya kutupa kwa sababu familia nzima ilifanya kazi nyumbani usiku na mchana, watoto wakiwemo. Watoto waliobandika masikio na kupaka rangi midoli ambayo ingechezewa na watoto wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 walianza kutengeneza midoli midogo kabisa, seti nzima inaenea ndani ya kiberiti, na udogo ule ulisaidia kupunguza gharama za kusafirisha. Enzi za Ujerumani Mashariki nako, mali nyingi iliuzwa nje ili kupata fedha za kigeni, mwenyeji akitaka chake anakipata kwa kujuana. Hapo nilicheka. Wazazi wetu waliopanga foleni ya sukari miaka ya themanini wangeelewana na watu wa Seiffen bila mkalimani.

Basi tukaingia kwenye duka moja linalouza vipande vitupu, visivyopakwa rangi. Jamani! Shanga za mbao za kila ukubwa, vijinguzo, visahani, vikombe vya mshumaa, vimapipa, vichwa visivyo na uso. Mimi nikaanza kuchota. Mume wangu yeye akasimama mbele ya nyumba ya maonyesho ya ghorofa tatu, paa jekundu, bomba la moshi, sehemu ya kuotea moto.

"Tujenge kama hii," akasema.

"Mwanasesere wa Mbagala anaota moto wa nini?"

"Nataka mtoto azoee."

"Azoee nini?"

Akanyamaza. Wanandoa mnazijua hizo kimya. Kisha likatoka, hapo hapo kati ya rafu za malaika wa mbao: amepewa nafasi ya kuendelea na udaktari wa falsafa, miaka minne, jibu linatakiwa Machi, na yeye anaona sisi wawili tumfuate. Nina kazi ninayoipenda Dar. Mama mkwe anaishi na sisi, na anatutegemea. Kwa nini haya yote nayasikia dukani? "Nilikuwa natafuta siku nzuri, mke wangu," akasema. Mimi nikaendelea kuhesabu vijinguzo. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne.

Tuliongea baadaye kwenye supu, na kwenye basi, na jioni nyingi zilizofuata, mikono ikiwa na gundi. Nitakwambia kitu: ni rahisi kuongea mambo mazito mnapokuwa mnapiga msasa. Hamlazimiki kutazamana.

Nyumba ikawa ya Mbagala. Vipimo ni vile vya kawaida vya wanasesere, moja kwa kumi na mbili, yaani mlango wa mita mbili unakuwa sentimita kumi na saba hivi. Kuta tulikata kwenye plaiwudi, zikalala bapa ndani ya sanduku langu la safari. Vijinguzo vinne vikashika paa la baraza. Vingine vinne, vilivyokatwa, vikawa miguu ya kitanda cha nyanya, kile cha kizamani chenye mabonge mabonge, na ukivipaka chai nzito kabla ya vanishi vinapata rangi ya mninga. Vikombe viwili vya mshumaa, gundisha matako kwa matako, tayari una jiko la mkaa. Kikombe cha yai ni kinu, na kijiti chenye kichwa ni mchi wake. Kisahani na kijiti chembamba kwenye ncha: kibao cha chapati na mti wake wa kusukumia. Kisahani na miguu mitatu, kigoda. Shanga kubwa iliyokatwa juu ni mtungi. Pipa dogo tulilipaka jeusi tukaliweka kwenye mnara wa vijiti, na sidhani kama Ujerumani nzima kuna nyumba nyingine ya wanasesere yenye tangi la maji nje. Hilo lilikuwa wazo la mume wangu, na nilimpa tano.

Siri ni kutokiuliza kipande kilitengenezwa kuwa nini. Kigeuze, kilaze, kikate katikati. Kofia ya mchimba madini ukiipindua ni bakuli la uji.

Bomba la moshi nilimkatalia. Akaomba chumba kimoja pembeni kiwe cha baba, chenye meza ya kusomea na dirisha lililochorwa theluji. Nikakubali, ila nikasisitiza kiwe na mlango wa kuingilia sebuleni.

Kitu kimoja kutoka Seiffen hakikuingia kwenye nyumba. Kule milimani wakati wa Krismasi watu huweka dirishani sanamu za kukereza zilizoshika mishumaa: malaika kwa kila mtoto wa kike wa nyumba hiyo, mchimba madini kwa kila wa kiume. Ukipita barabarani usiku unahesabu taa, unajua nani ana watoto wangapi. Tukirudi usiku ule, kwenye duka la mwisho karibu na kituo cha basi, mume wangu alinunua malaika mmoja. Akamweka kwenye dirisha la chumba chake cha wanafunzi, ghorofa ya nne, ambako sijui nani angemhesabu.

Nimerudi Dar. Kwa wewe ambaye Seiffen iko mbali, usikate tamaa: nenda Keko kwa mafundi wa fenicha, uliza anayekereza miguu ya sofa na vitanda. Chini ya kerezo lake kuna vipande vilivyokatwa ncha, na wengi wao watakupa bure au kwa hela ya soda. Ringi za mbao za pazia zinakuwa matairi. Vile vichwa vya mwisho vya fimbo ya pazia vinakuwa mitungi mizuri kuliko tuliyoitengeneza sisi. Kete zilizobaki za chesi iliyopotea ni watu tayari.

Binti yetu aliipokea nyumba kwa ukaguzi wa mwenye nyumba hasa. Nyanya alipata chumba kikubwa. Kinu kilipelekwa barazani. Chumba cha baba, chenye theluji na meza ya kusomea, amekifanya stoo ya mkaa. Nilimwambia mume wangu ukweli, nikasikia anacheka, halafu akanyamaza muda mrefu kiasi nikadhani mtandao umekatika.

Siku tatu baadaye mtoto akaniomba simu mwenyewe. Alikuwa na malalamiko: wanasesere wanaona joto, nyumba haina feni, na aliyejenga ni baba. Waliongea dakika ishirini na tano, mimi niko jikoni nakaanga samaki, nasikia tu. Baba anauliza, una shanga ngapi zilizobaki? Kubwa au ndogo? Mtoto anakimbia kuhesabu, anarudi. Panga nne za kijiti cha aiskrimu, msumari mwembamba katikati, shanga moja juu na nyingine chini ili izunguke. Sasa wanabishana kama feni ikae sebuleni au stoo ya mkaa. Jibu la Machi bado hatujalitoa.