Dogo Hakuvunja Padi

Nilimlipisha mtoto wa watu shilingi 25,000 kwa padi ambayo haikuwa mbovu. Nilipokuja kujua kuwa si mbovu, nilinyamaza. Kosa la kwanza lilitokana na ujinga, na ujinga una dawa. La pili sina pa kuliegemeza.

Nina banda la gemu hapa Tanga: televisheni tatu, mashine tatu za PS4 na mabenchi ya mbao. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaotoka shule na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Hulipa kwa mechi, na anayefungwa anampisha mwingine. Mashine zimekaa juu ya kabati, hakuna anayezigusa. Padi ndizo zinazopita kila mkono: wa jasho, wa mafuta ya mihogo, na wa yule aliyefungwa goli dakika ya tisini. Kwa hiyo padi ikigoma, mimi huanza kumtafuta mtu kabla ya kutafuta sababu.

Safari hiyo mtu alikuwa dogo mmoja wa kidato cha pili. Jana yake alifungwa goli la mwisho akaipiga padi kwenye goti. Nilimkaripia, akasema, "Samahani anko," yakaisha. Kesho yake akashika padi ileile, akabonyeza kitufe cha PS. Taa ya mbele ikawa inamweka nyeupe, kisha ikazima. Akabonyeza tena, ikawa vilevile. Mashine haikujibu kitu.

"Unaona? Jana umeipiga, leo imekufa," nikamwambia.

"Anko, jana nimeiacha nzima. Mimi nimetoka, mwingine akacheza nayo."

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Nikachukua waya uliokuwa mezani, nikaichomeka padi kwenye mashine. Taa ikageuka ya chungwa, ikawa inafifia na kukolea taratibu, maana yake chaji inaingia. Nikabonyeza kitufe cha PS huku waya umo. Kimya. Nikatoa hukumu papo hapo, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: umeme unaingia, waya ni mzima, basi ubovu umo ndani ya padi, na aliyeutia ni huyu. Nikamwambia asikanyage bandani kwangu bila nusu ya bei ya padi mpya.

Mama yake anauza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Alikuja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Naambiwa mwanangu kakuharibia chombo."

Akafungua pindo la kanga, akahesabu noti za elfu moja moja na sarafu za mia tano. Hazikutosha. Zilizobaki alizileta baadaye, bila mimi kumkumbusha. Hakubishana hata neno. Angebishana, huenda ningelazimika kufikiri.

Padi niliipeleka kwa fundi simu, nikitegemea aifungue. Hakushika hata bisibisi. Aliniuliza swali moja tu: "Bosi, mara ya mwisho padi hii ilishika mashine ipi?"

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikupaswa kulisahau. Usiku uleule dogo alipoipiga gotini, nilifunga banda nikaichukua padi hiyo kwenda nayo kwa kaka yangu, ambaye naye ana PS4 lakini padi yake ni moja. Tuliichomeka kwa waya kwenye mashine yake, nikabonyeza kitufe, tukacheza mpaka usiku wa manane. Yaani mimi mwenyewe nilicheza na hiyo padi saa kadhaa baada ya kupigwa gotini, halafu asubuhi nikasema dogo aliiua jana.

Fundi akanieleza, na mengine nikaja kujifunza mwenyewe. Padi isiyo na waya huwasiliana na mashine kwa Bluetooth, kwenye masafa ya gigahazi 2.4, hayohayo yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi. Mawasiliano hayo huruka kutoka chaneli hadi chaneli, kati ya chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde. Ndiyo maana banda moja linaweza kuwa na padi kadhaa zinazofanya kazi bila kuvurugana. Lakini padi haijibizani na mashine yoyote tu iliyo jirani. Lazima kwanza zitambulishwe: unaichomeka kwa waya, unabonyeza kitufe cha PS, na kupitia waya huo padi na mashine hupeana anwani. Baada ya hapo unauchomoa waya, unacheza ukiwa umekaa mbali. Padi ya PS4 hukumbuka mashine moja. Ukiitambulisha kwa nyingine, inaiacha ya kwanza. Kwa hiyo ile taa nyeupe haikuwa dalili ya kifo. Padi ilikuwa inaita mashine ya kaka yangu, iliyoko mitaa kadhaa kutoka bandani.

Na waya wangu? Waya wa kawaida wa USB wa padi hizi una nyuzi nne ndani yake: mbili za umeme, mbili za data. Ule niliouchomeka mbele ya watu ulikuja na tochi ya kuchaji, na nyaya za aina hiyo nyingi zina nyuzi za umeme tu. Chaji inapita, anwani haipiti. Ushahidi wote niliomhukumu nao dogo ulikuwa ni taa ya chungwa.

Fundi akachukua pini ya kutolea laini ya simu, akaiingiza kwenye kitundu kidogo nyuma ya padi, upande wa kitufe cha L2, akabonyeza sekunde chache. Akanipa waya wake wa data. "Kachomeke kwako, bonyeza kitufe, basi." Nikafanya hivyo. Taa ikawaka buluu, na kwenye televisheni mchezaji wa kwanza akatokea.

Hapo ndipo linapoanza kosa la pili. Nilijua hela ni ya nani na anakaa wapi, kwa mguu si mbali. Lakini nilishanunulia umeme. Nikajiambia mama hajauliza, mtoto ameshazoea banda jingine, na hata hivyo padi kweli aliipiga. Wateja walipoiona inacheza tena wakauliza, nikajibu, "Nimeitengeneza." Siku moja dogo alipita nje, akachungulia, akaiona mikononi mwa mwenzake. Alinitazama mimi, si padi. Kisha akaenda zake.

Kilichonitoa gizani ni padi nyingine. Iligoma vilevile mikononi mwa dereva wa bodaboda, mtu mzima, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu ikimdondoka sakafuni. Sikumdai. Sikumkaripia hata kidogo. Nilibadilisha waya, nikabonyeza kitundu, ikawaka. Usiku nikajiuliza kwa nini huyu nilimtafutia sababu na yule nikamtafutia hatia. Jibu nilikuwa nalo: dereva angenijibu, tena angeondoka na wenzake wote. Mnyonge hana haki, na kwenye banda langu mnyonge ni mwenye sare ya shule.

Nikaenda kituoni. "Mama, nimekuletea hela yako. Padi haikuharibika. Nilikosea mimi, na nimelijua hilo siku nyingi."

Alizipokea, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo. "Hela nimepata, baba. Na fimbo nilizomchapa?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Aliniambia ya mtoto nikamalizane na mtoto mwenyewe. Dogo hakutaka mechi za bure nilizomwahidi. Alisema, "Anko, ulinisema mbele za watu."

Basi nikasema mbele za watu. Jumamosi, banda likiwa limejaa, nilizima sauti za televisheni nikaeleza: padi niliihamisha mimi, waya ulikuwa wa tochi, dogo hakuvunja kitu, na nilijua nikakaa kimya. Wengine walicheka, mmoja akaniita mwizi kwa utani ambao haukuwa utani sana. Ilikuwa ngumu kuliko kurudisha hela. Lakini wapo waliosikia hukumu yangu siku ile na hawakuwepo siku ya kuitengua. Wengine wameshahama mtaa. Sijui niwapate wapi, na kwao dogo bado ni mvunja padi.