Nauli ya Kwenda Kuacha Pombe

Dada yangu hakunipa nauli mkononi. Alinisindikiza hadi stejini Thika, akamlipa makanga yeye mwenyewe, kisha akamwagiza: "Huyu anashuka Ngara. Asishuke kabla." Alinijua. Pesa hiyo ingepitia kwangu, ingefika kwa mama pima, muuza pombe wa mtaani, kabla matatu haijajaa.

Namba ya simu ya kikundi nilichokuwa nakiendea tulikuwa tumepewa na daktari. Alituonya kwamba mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi asiache ghafla peke yake nyumbani, maana mwili uliozoea pombe ukiikosa unaweza kupatwa na degedege, mtu akaona yasiyokuwapo, hata akafa. Kwa hiyo siku za mwanzo nilizimalizia wodini, kwa dawa. "Pombe imetoka mwilini," akasema daktari siku ya kuniruhusu, "sasa tafuta watu." Akaandika namba nyuma ya cheti cha dawa, na juu yake herufi mbili: AA, yaani Alcoholics Anonymous.

Mwanamume aliyepokea simu hakuniuliza ukoo, kazi, wala ninakunywa nini. Aliuliza jambo moja tu: "Unataka kuacha?" Nikajibu ndiyo, moyo ukisitasita. "Basi sharti umelitimiza. Njoo Jumamosi."

Barabara ya Thika kuingia Nairobi haimhurumii anayeacha. Ukishapita baa za Githurai na Roysambu, unakutana na Ruaraka, makao ya Kenya Breweries, kampuni iliyoanza 1922. Mbele kidogo makanga anaita "Allsopps!", kituo kilichorithi jina la kampuni ya bia ya enzi za ukoloni. Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Makanga, aliyekwisha kukabidhiwa mzigo wake, alinitupia jicho kila steji hadi Ngara.

Kutoka hapo nilitembea, na hofu ikaniingia. Niliogopa kuonekana. Mtaa mzima ulishaniona nimelala mtaroni, ukaniona nikirudishwa nyumbani kwa mkokoteni, na haya sikuona. Leo niko timamu, shati limepigwa pasi, ndipo naogopa jirani asinione naingia mkutanoni! Nililipita lango la kanisa lenye ukumbi wa mkutano, nikarudi, nikalipita tena. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga viti akatoka akaniambia, "Ndugu yangu, chai iko huku."

Ndani mlikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa duara, flaski ya chai na kikapu kidogo. Ukutani zilitundikwa Hatua Kumi na Mbili, zilizochapishwa mara ya kwanza 1939. Nilijiandaa kuhubiriwa, lakini ukumbi ulikuwa wa kanisa, mkutano haukuwa wa kanisa. Aliyeketi kando yangu alivaa kofia ya Kiislamu; kila mtu humwendea Mungu kwa namna anavyomwelewa. Walijitaja kwa jina moja tu, wakasema ni walevi, wengine wakawakaribisha. Mtu akizungumza, hakuna aliyemkatiza wala kumshauri. Mama mmoja alieleza jinsi alivyokuwa akificha chupa ndani ya pipa la unga. Watu wakacheka, naye akacheka, nami nikajikuta nacheka, kwa kuwa yangu ilikuwa ndani ya gambuti.

Mama huyohuyo ndiye aliyenisimulia, tulipokuwa tukinywa chai, jinsi AA ilivyoanza. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikwama katika hoteli mjini Akron, Ohio, biashara yake imeharibika. Alikuwa hajanywa kwa miezi kadhaa. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, upande wa pili simu. Akaiendea simu, akapigia viongozi wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, ili yeye mwenyewe asirudie chupa. Mwishowe akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Siku daktari huyo alipokunywa kwa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo AA huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Hapo nikamwelewa mzee wa viti. Hakuwa akinifanyia hisani. Alinihitaji kama nilivyomhitaji.

Zamu yangu ilipofika nilitaja jina, maneno yakakwama. Hakuna aliyenisukuma. Kikapu kilipopita sikuwa na kitu, na mgeni hadaiwi. Kikundi hujitegemea kwa michango ya wanachama, hakipokei pesa za nje. Mzee akanipa namba yake: "Piga kabla ya kunywa, si baada."

Msomaji, iko mikutano ya wanaotaka kuacha tu, na iko ya wazi ambayo ndugu na marafiki wanaruhusiwa kuhudhuria. Familia nazo zina kikundi chao, Al-Anon, kilichoanzishwa 1951. Nchini Kenya unaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ukaelekezwa pa kuanzia. Na kama mlevi ni wa nyumbani kwako, mpunguzie hotuba. Amekwisha kuzisikia zote. Mpeleke kwanza kwa daktari, mtafutie namba, kisha umsindikize stejini. Nauli mlipe makanga.