Divai ya Bonde la Rhône

Kwa ndugu zangu wa Bukundi, pamoja na jamaa wa Meatu na Bariadi watakaosomewa waraka huu.

Nataka kulijibu lile swali mnaloniuliza, kwamba huku Ufaransa watu hunywa nini mezani siku za kawaida, zisizo za arusi wala sikukuu. Najua fika kwamba wamo miongoni mwenu Waislamu, na wamo waumini wa kanisa la AIC, ambao kwao kileo ni haramu, nao nawaomba stahamala. Nia yangu ni kueleza kazi ya wakulima wenzetu.

Hapa Lyon, mji ulio kando ya mto Rhône, divai nyekundu ya kila siku ni Côtes du Rhône, ambayo chupa yake njema hupatikana kwa yuro sita au saba, na katika mikahawa ya kale hutiwa katika kichupa cha kitako kinene, chenye ujazo wa sentilita 46, kikawekwa mezani pamoja na mkate. Mashamba yake mengi yako kusini, upande wa Avignon, ambako jua ni kali, ardhi imejaa mawe, na upepo wa kaskazini uitwao mistral huvuma kwa nguvu hata mizabibu ya zamani ikapogolewa iwe mifupi kama vichaka, isije ikavunjika.

Zabibu zake kuu ni grenache, iletayo ulaini, na syrah, iletayo rangi iliyokoza na harufu ya pilipili manga. Na zikichanganywa hutoa kinywaji chenye ukakasi wa kiasi, unaokata mafuta ya nyama bila ya kuifunika ladha ya chakula. Nimeinywa kwa mbuzi wa kuchoma, na kwa maharage, na hata kwa nsansa, mboga yetu ya majani makavu, niliyoletewa kutoka nyumbani, ikaungwa kwa karanga na kuliwa kwa ugali wa unga ulionunuliwa mtaa wa Guillotière, wala uchungu wa majani yale haukupingana nayo.

Lakini kilichonishughulisha kuliko ladha ni nidhamu yake. Tangu mwaka 1937 sheria huamuru ni mashamba yapi, zabibu zipi, na mavuno kiasi gani kwa hekta yanayostahili jina lile. Na sehemu kubwa ya divai hiyo hutengenezwa na vyama vya ushirika vya vijijini, ambako mkulima hupeleka zabibu zake zikapimwa. Ushirika si jambo geni kwetu Wasukuma, ambao katika miaka ya 1950, chini ya uongozi wa Paul Bomani, tuliunganisha vyama vyetu vya pamba hata vikamiliki viwanda vya kuchambulia. Tuliyoikosa ni hifadhi ya jina. Pamba yetu hutoka ghala la chama cha ushirika, AMCOS, ikafungwa marobota, na ikisha kuvuka bahari ni nadra mvaaji kuijua Meatu, ukiacha ile ya kilimo hai ya kampuni ya bioRe pale Mwamishali, ambayo naitakia kila la heri. Ilhali mkulima wa Rhône, asiyewazidi nyinyi kwa juhudi wala maarifa, hulikuta jina la bonde lake limeandikwa juu ya kila chupa, na sheria inalilinda.

Aliyeniuliza kama aagize chupa kutoka Mwanza, simshauri, kwa kuwa safari na ushuru huipandisha bei mno kwa kinywaji ambacho fadhila yake mojawapo ni urahisi. Atafute divai nyekundu ya Dodoma, ile isiyo na sukari, ya mizabibu ivunwayo mara mbili kwa mwaka. Aizamishe chupa katika ndoo ya maji ya mtungini kwa muda wa nusu saa, maana katika joto la Bukundi ukali wa kileo huitangulia ladha. Kisha asiifungue mpaka nyama iwe imeiva.

Wasalaamu,
ndugu yenu, Lyon.